Shahidi au Mwathirika? Nafasi ya Mwenzi Aliyedanganywa katika Sheria za Ndoa na Uhamiaji za Marekani, 1937–2006

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna sheria za uhamiaji za Marekani zilivyomtazama mwenzi aliyedanganywa katika ndoa iliyofungwa kwa lengo la kupata ukaazi. Kipindi kinachoshughulikiwa kinaanzia sheria ya mwaka 1937 hadi sheria ya madalali wa ndoa za kimataifa iliyotiwa saini mwanzoni mwa mwaka 2006. Hoja kuu ni kwamba katika miongo hiyo saba dola ilizidi kuiona ndoa ya hila kuwa kosa dhidi yake yenyewe, na kadiri ilivyofanya hivyo ndivyo mwenzi aliyedanganywa alivyopoteza nafasi. Mwaka 1937 alikuwa mlalamikaji ambaye hukumu yake ya kutangua ndoa ilifungua mlango wa kumfukuza mdanganyifu. Kufikia mwaka 1953 alikuwa shahidi wa serikali, na baada ya mwaka 1986 akabaki kuwa saini katika fomu. Msaada uliokuja baadaye, hasa kuanzia mwaka 1990, ulielekezwa kwa aliyepigwa au kuteswa. Aliyedanganywa bila kupigwa hakupata nafuu ya namna hiyo. Insha inahitimisha kwa kuonesha kuwa pengo hilo limetokana na historia ya sheria zenyewe, wala si jambo lisiloepukika.

1.0 Utangulizi

Katika sheria za familia, ndoa ni mapatano ya watu wawili. Katika sheria za uhamiaji, ndoa hiyo hiyo ni pia sababu ya kumruhusu mgeni aingie na kukaa nchini. Kwa hiyo, pale mmoja wa wanandoa anapokuwa na nia nyingine, wanaodanganywa huweza kuwa wawili: mwenzi aliyeamini kuwa ameoa au ameolewa, na dola iliyotoa ukaazi kwa imani hiyo. Swali linaloongoza insha hii ni hili: ni yupi kati ya hao wawili ambaye sheria ya Marekani ilimhesabu kuwa amekosewa?

Swali hilo linahitaji istilahi zilizo wazi, kwa sababu jina moja la "ndoa ya hila" hufunika mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni ndoa ya makubaliano, ambamo pande zote mbili zinajua kuwa hakuna ndoa. Mara nyingi raia hulipwa, na hakuna mwanandoa aliyedanganywa. La pili ni hila ya upande mmoja, ambamo mgeni humfanya raia aamini kuwa anapendwa, kisha humwacha mara apatapo hati. La tatu ni hila ya upande wa raia, ambamo raia humwahidi mgeni ndoa na hati, kisha akaitumia hali yake ya kutokuwa na hati kumtawala, au akaficha kuwa tayari ana ndoa nyingine. Katika insha hii, neno "mwenzi aliyedanganywa" linamhusu aliyedanganywa katika hali ya pili na ya tatu, awe raia au mgeni, mwanamume au mwanamke.

Utofautishaji huu si mgeni kwa sheria za Afrika Mashariki. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua kuwa ridhaa iliyopatikana kwa kulazimishwa au kwa udanganyifu si ridhaa iliyotolewa kwa hiari. Msingi wake ni kwamba aliyedanganywa hakukubali kile alichofungishwa. Msingi huo uko pia katika sheria za familia za majimbo ya Marekani. Linalohitaji kufafanuliwa ni kwa nini ulififia pale ndoa ilipoingia mikononi mwa maofisa wa uhamiaji.

2.0 Ndoa kuwa njia ya kuingia: 1922–1937

Kabla ya miaka ya 1920, ndoa ilikuwa na nguvu kubwa zaidi kwa mwanamke mgeni kuliko ilivyo sasa. Kwa sheria ya mwaka 1855, mwanamke mgeni aliyestahili uraia aliupata kwa kuolewa tu na raia wa Marekani. Kinyume chake, sheria ya mwaka 1907 ilimnyang'anya mwanamke wa Marekani uraia wake alipoolewa na mgeni. Mwaka 1922 sheria inayojulikana kwa jina la Cable ilianza kuutenganisha uraia wa mke na ule wa mume. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1924 iliweka viwango vikali vya idadi ya wahamiaji kwa kila taifa, lakini ikawaacha wake wa raia nje ya viwango hivyo. Waume wa raia walipata nafuu za namna hiyo baadaye, kwa hatua na kwa masharti.

Matokeo ya mpangilio huo yalitabirika. Pale ambapo Mpolandi, Mwitaliano au Mgiriki alilazimika kusubiri kiwango cha taifa lake kwa miaka mingi, ndoa na raia ilimpitisha nje ya foleni. Hivyo thamani ya ndoa katika uhamiaji ilitokana na ufinyu wa njia nyingine. Jambo hili ni la msingi kwa historia yote inayofuata: ndoa ya hila haikuzuka kwa sababu maadili yalishuka ghafla, bali kwa sababu sheria iliiacha ndoa kuwa mojawapo ya njia chache zilizobaki wazi.

Jibu la kwanza mahsusi la Bunge la Marekani lilikuja tarehe 14 Mei 1937. Sheria ya siku hiyo ilipewa lakabu iliyowafananisha walengwa wake na wanaume wanaolelewa na wanawake, wale ambao Kiswahili cha mitaani cha leo kinawaita vibenteni. Lakabu hiyo inaonesha ni nani aliyefikiriwa kuwa mdanganyifu, na ni nani aliyefikiriwa kuwa mdanganywa: mwanamume mgeni kwa upande mmoja, na mwanamke raia kwa upande mwingine. Sheria iliagiza kufukuzwa kwa mgeni aliyepata viza kwa hila kwa kufunga ndoa ambayo baadaye mahakama iliitangua tangu siku ilipofungwa. Iliongeza kuwa mgeni aliyeshindwa au kukataa kutimiza ahadi za ndoa alizozitoa ili aingie nchini angeweza pia kufukuzwa.

Utaratibu wa kwanza kati ya hiyo miwili unastahili kuzingatiwa. Ili mgeni afukuzwe, ilihitajika kwanza hukumu ya mahakama ya familia, na hukumu hiyo kwa kawaida iliombwa na mwenzi aliyedanganywa. Yeye ndiye aliyesimulia ahadi alizopewa na ndiye aliyetaka ndoa yake itangazwe kuwa haikuwapo. Dola ilikuja nyuma yake. Pamoja na mapungufu yake yote, sheria ya mwaka 1937 ilimweka aliyedanganywa mbele ya shauri.

3.0 Mahakama za majimbo na mipaka ya kutangua ndoa

Njia hiyo, hata hivyo, ilitegemea sheria za majimbo, nazo hazikuwa sawa. Tangu shauri la Reynolds dhidi ya Reynolds lililoamuliwa Massachusetts mwaka 1862, mahakama nyingi za Marekani zilishikilia kuwa si kila uongo unaotosha kutangua ndoa; ni ule tu unaogusa kiini cha ndoa. Uongo kuhusu mali, cheo au tabia haukutosha. Mahakama ziliona kuwa mchumba hupaswa kufumbua macho kabla ya kufunga ndoa. Swali likawa kama nia ya kupata ukaazi inagusa kiini hicho. Pale mahakama ilipoona kwamba mgeni hakuwa na nia yoyote ya kuishi kama mume au mke, jibu lilielekea kuwa ndiyo. Palipokuwa na kuishi pamoja, hata kwa miezi michache, uthibitisho ulikuwa mgumu zaidi.

Jimbo la New York linaonesha namna mazingira ya sheria yalivyobadilisha maana ya kutangua ndoa. Hadi mageuzi yaliyopitishwa mwaka 1966, sababu pekee ya talaka kamili katika jimbo hilo ilikuwa uzinzi. Kwa hiyo, watu wengi waliotaka kuachana walikimbilia kuomba ndoa itanguliwe kwa madai ya udanganyifu. Katika mazingira hayo aliyedanganywa kweli alisimama katika mlango mmoja na aliyetafuta talaka kwa jina lingine, na hakimu alilazimika kuwashuku wote wawili.

Wakati huo huo, njia ya fidia ilikuwa ikifungwa. Kuanzia Indiana mwaka 1935, majimbo kadhaa yalifuta mashauri ya madai yanayotokana na ahadi za ndoa zilizovunjwa na mapenzi yaliyosalitiwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya busara: mashauri hayo yalitumiwa na watu waovu kutoza pesa kwa vitisho vya kuaibisha. Lakini athari yake ilikuwa pana. Mtu aliyetumia akiba yake kwa nauli, gharama za wakili na makazi ya mwenzi asiyekuwa na nia ya ndoa aliweza kupata hukumu ya kutangua ndoa, huku madai ya fidia kwa moyo uliojeruhiwa yakizidi kuonekana kuwa mambo yaliyopitwa na wakati. Kuanzia hapo, sheria za majimbo ziliweza kumfungua aliyedanganywa kutoka katika kifungo cha ndoa bila kumrudishia kile alichokipoteza ndani yake.

4.0 Kutoka mlalamikaji hadi shahidi: 1945–1953

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilibadilisha ukubwa wa suala hili. Sheria ya tarehe 28 Desemba 1945 iliwaruhusu wenzi na watoto wageni wa wanajeshi wa Marekani kuingia nchini kwa masharti nafuu, na sheria ya Juni 1946 ikawafungulia njia wachumba wao. Nafuu hizo zilikusudiwa kuwaheshimu wanajeshi. Zilitokea pia wakati ambapo Ulaya ilijaa wakimbizi, wakiwamo Wayahudi walionusurika, ambao viwango vya mwaka 1924 viliwafungia nje.

Shauri la Lutwak dhidi ya Marekani, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 9 Februari 1953, lilitoka katika makutano hayo. Washtakiwa walidaiwa kula njama ya kuwaingiza nchini ndugu watatu wakimbizi kwa kuwafungisha ndoa jijini Paris na watu waliowahi kutumikia jeshi la Marekani. Utetezi ulisema kuwa ndoa hizo zilikuwa halali kwa sheria ya Ufaransa. Jaji Minton, akiandika kwa niaba ya majaji walio wengi, aliona kuwa uhalali wa ndoa huko Ufaransa haukuwa hoja. Kilichotakiwa ni kujua kama wahusika walikusudia kuishi pamoja kama mume na mke, au walifunga ndoa ili tu kukwepa sheria ya uhamiaji. Jaji Jackson, akiungwa mkono na majaji Black na Frankfurter, alipinga. Aliona ugumu wa kumtia mtu hatiani kwa ndoa ya uongo bila kwanza kuamua kama ndoa hiyo ilikuwapo kisheria.

Kwa historia ya mwenzi aliyedanganywa, sehemu muhimu zaidi ya hukumu hiyo ni ile inayohusu ushahidi. Kwa kawaida sheria ya jinai ya Marekani ya wakati ule ilimzuia mwanandoa kutoa ushahidi dhidi ya mwenziwe. Mahakama ilikubali kuwa kinga hiyo haikuwalinda washtakiwa, kwa sababu ndoa zao hazikufungwa kwa nia njema. Katika shauri hilo hapakuwa na mwenzi aliyedanganywa. Ndoa zilikuwa za makubaliano. Hata hivyo, kanuni iliyotokana nalo ilivuka mipaka ya ndoa za makubaliano. Mwanandoa alipewa nafasi mpya mbele ya dola, nayo ilikuwa nafasi ya shahidi anayesaidia kuthibitisha kosa lililotendwa dhidi ya serikali.

Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952 ilikuwa tayari imesogea upande huo huo. Ilitumia neno la jumla la mwenzi, na hivyo ikawaondoa waume wa raia katika unyonge wa miaka ya 1920. Pia iliweka dhana ya udanganyifu: ikiwa mgeni aliingia kwa ndoa iliyofungwa chini ya miaka miwili kabla ya kuingia, na ndoa hiyo ikatanguliwa au kuvunjwa ndani ya miaka miwili baada ya kuingia, yeye ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kuwa hakukuwa na hila. Kuhusu ahadi za ndoa zisizotimizwa, kipimo kikawa maoni ya Mwanasheria Mkuu. Hivyo kalenda na maoni ya ofisa vilianza kuchukua nafasi ya simulizi ya aliyedanganywa.

5.0 Takwimu iliyotunga sheria: 1975–1986

Mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, katika shauri la Bark, iliweka kipimo kinachotumika hadi leo: je, wanandoa walikusudia kujenga maisha pamoja wakati walipofunga ndoa? Mahakama ilisema kuwa kutengana baadaye hakuthibitishi peke yake kwamba ndoa ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Ndoa za kweli nazo huvunjika. Kipimo hicho ni cha haki, lakini kinaacha tatizo kubwa la uthibitisho, kwa kuwa nia ya siku ya harusi haiandikwi katika cheti. Aliyedanganywa anajua alichoahidiwa. Mdanganyifu anaweza kusema kuwa mapenzi yalikuwapo, kisha yakaisha.

Katikati ya miaka ya 1980, Idara ya Uhamiaji na Uraia ilidai kuwa tatizo limekuwa kubwa mno. Mwaka 1985 kamishna wake, Alan Nelson, aliiambia kamati ndogo ya Seneti kuwa takribani asilimia 30 ya maombi ya wenzi yalikuwa na dalili za udanganyifu. Takwimu hiyo ilirudiwa katika mijadala, na tarehe 10 Novemba 1986 Rais Reagan akatia saini marekebisho ya sheria kuhusu udanganyifu wa ndoa katika uhamiaji.

Baadaye msingi wa takwimu ulionekana kuwa mbovu. Katika shauri la Manwani, lililoamuliwa na mahakama ya shirikisho huko North Carolina mwaka 1990, ilidhihirika kuwa uchunguzi uliotoa asilimia 30 haukuwa halali kitakwimu, jambo ambalo idara yenyewe ilikubali. Uchunguzi huo ulihesabu tuhuma kana kwamba ni makosa yaliyothibitishwa. Hapa mtafiti hana budi kuwa makini. Ubovu wa takwimu hauthibitishi kuwa ndoa za hila hazikuwapo, wala hauwafuti waliodanganywa. Unaonesha kwamba sheria iliyowagusa wanandoa wote wa mataifa mawili ilijengwa juu ya hesabu ya mashaka ya maofisa, si juu ya uelewa wa namna hila inavyotendeka wala hasara anayoipata mwenzi.

6.0 Saini ya pamoja na matokeo yake

Sheria ya mwaka 1986 iliweka ukaazi wa masharti. Mgeni ambaye ndoa yake ilikuwa haijatimiza miaka miwili alipopewa ukaazi alipewa ukaazi wa miaka miwili tu. Katika siku 90 za mwisho za kipindi hicho, yeye na mwenziwe walipaswa kuomba kwa pamoja masharti yaondolewe. Sheria ilifanya pia kufunga ndoa kwa kujua na kwa lengo la kukwepa sheria za uhamiaji kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitano na faini isiyozidi dola za Kimarekani 250,000. Wachumba walitakiwa wawe wameonana ana kwa ana katika miaka miwili kabla ya maombi. Aliyewahi kupatikana na ndoa ya hila alizuiwa, kwa kifungu kilichokuwapo kabla, kupata kibali kupitia ndoa nyingine baadaye.

Kwa mtazamo wa kwanza, saini ya pamoja ilimpa raia aliyedanganywa nguvu: akigundua hila ndani ya miaka miwili, anakataa kutia saini. Lakini nguvu hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ilimfaa tu aliyegundua mapema. Mdanganyifu mvumilivu alihitaji kungoja saini, kisha akaondoka. Pili, kukataa kutia saini hakukuhitaji sababu. Raia aliyedanganywa na raia mnyanyasaji walishika kalamu ile ile. Kwa mgeni aliyepigwa au aliyefungiwa ndani, kalamu hiyo ilikuwa tishio la kila siku: ukisema, sitii saini, na utarudishwa kwenu.

Sheria ya mwaka 1986 ilikuwa na misamaha, lakini ilikuwa finyu. Mgeni alitakiwa kuonesha kuwa kuondolewa kwake kungemletea taabu kubwa kupita kiasi, au kwamba alifunga ndoa kwa nia njema na yeye mwenyewe ndiye aliyeivunja kwa sababu ya msingi. Aliyeachwa na mwenziwe alibaki bila kimbilio katika kipengele hicho cha pili. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990 ilirekebisha hali hiyo: iliondoa sharti la nani aliyevunja ndoa na kwa nini, na ikaongeza msamaha kwa mgeni aliyepigwa au kutendewa ukatili mkubwa na mwenziwe.

Hatua kubwa zaidi ilikuja Septemba 1994, kwa Sheria ya Ukatili dhidi ya Wanawake. Kwa mara ya kwanza, mwenzi mgeni aliyeteswa na raia au na mkaazi wa kudumu aliweza kujiombea mwenyewe ukaazi, bila mwenziwe kujua wala kukubali. Mwaka 2000 sheria hiyo iliondoa sharti la kuthibitisha taabu iliyopita kiasi, na ikamruhusu aliyeachika kuomba ndani ya miaka miwili baada ya talaka endapo talaka ilihusiana na mateso. Iliwatambua pia walioamini kuwa wamefunga ndoa halali, kumbe mwenziwe alikuwa na ndoa nyingine. Hapo ndipo sheria ya uhamiaji ilipoitaja waziwazi hila ya raia dhidi ya mgeni. Lakini hata hapo, uongo peke yake haukutosha. Ilibidi kuwe na mateso.

7.0 Mwaka 1996 na mzigo wa mdhamini

Upande wa raia aliyedanganywa, mwaka 1996 ulileta mzigo mpya. Sheria ya uhamiaji ya mwaka huo iliigeuza hati ya udhamini kuwa mkataba unaoweza kudaiwa mahakamani. Raia anayemwombea mwenziwe huahidi kumhakikishia kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachowekwa na serikali ya shirikisho. Wajibu huo hukoma pale mgeni anapopata uraia, anapofikisha robo 40 za mwaka za kazi zinazohesabika, anapoondoka nchini moja kwa moja, au anapofariki mgeni au mdhamini. Talaka haiumalizi.

Lengo la Bunge lilikuwa kuzuia wageni wasiwe mzigo kwa fedha za umma. Katika ndoa iliyovunjika kwa mateso, mkataba huo ni ngao halali ya mgeni aliyeteswa. Katika hila ya upande mmoja, mkataba huo huo huweza kumfanya aliyedanganywa adaiwe matunzo na aliyemdanganya. Ndiyo maana hukumu ya kutangua ndoa kwa udanganyifu, ambayo katika maisha ya kawaida huonekana kuwa utaratibu tu wa makaratasi, ina uzito kwake: inaweka katika kumbukumbu za mahakama kwamba ridhaa yake ilipatikana kwa uongo.

Sheria za mwaka huo huo ziliweka usiri. Maofisa walikatazwa kutoa taarifa za maombi ya mwenzi aliyeteswa, na kuamua dhidi yake kwa kutegemea tu taarifa zilizotolewa na anayedaiwa kumtesa. Katazo hilo lina sababu nzito: mtesaji ndiye wa kwanza kukimbilia ofisi ya uhamiaji kumchongea aliyemkimbia. Lakini raia aliyedanganywa, akituhumiwa mateso asiyoyatenda, hukuta kwamba maneno yake hayawezi kusimama peke yake na kwamba hataambiwa shauri limefikia wapi. Hapa ndipo ugumu halisi wa suala hili ulipo. Dola haina kipimo kinachoweza, kwa kutazama fomu, kumtenganisha mke aliyekimbia kipigo na mke aliyekimbia baada ya kupata hati. Wala mume aliyedanganywa na mume anayelipiza kisasi. Kila kinga anayopewa mmoja huweza kutumiwa na mwingine. Bunge lilipolazimika kuchagua, lilichagua kumlinda ambaye kosa lake la kutosikilizwa lingeweza kuwa kifo. Uchaguzi huo unaeleweka. Ambacho hakikufanyika ni kumtafutia aliyebaki njia nyingine nje ya shauri la uhamiaji.

Sheria ya madalali wa ndoa za kimataifa, iliyotiwa saini Januari 2006, ilijaribu kuikabili hila kabla ya harusi. Iliwataka madalali kukusanya taarifa za makosa na ndoa za awali za mteja raia na kumpa mgeni kabla hajakubali kuwasiliana naye. Ni sheria inayokiri kuwa aliyenyimwa taarifa hawezi kuridhia kwa hiari. Hata hivyo, ililenga upande mmoja, na katika hatari ya ukatili zaidi kuliko katika hila yenyewe.

8.0 Mwangwi nchini Kanada

Uzoefu wa Kanada unasaidia kupima hoja hii. Mwaka 2012 serikali yake ilichukua njia iliyofanana na ya Marekani: wenzi wa ndoa changa wasio na watoto pamoja walipewa ukaazi wenye sharti la kuishi na mdhamini kwa miaka miwili, na mwenzi aliyeingia kwa udhamini akazuiwa kumdhamini mwenzi mpya kwa miaka mitano. Raia waliodanganywa walikuwa miongoni mwa waliotajwa kuwa sababu ya hatua hizo. Mwaka 2017 sharti la miaka miwili lilifutwa, kwa hoja kwamba liliwaweka wenzi wageni katika hatari ya kuvumilia mateso. Mdhamini, kwa upande wake, aliendelea kubeba ahadi ya matunzo ya miaka mitatu, hata ndoa ikivunjika. Mwaka 2011, katika shauri la Mavi, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuwa imeamua kwamba wadhamini wanadaiwa kihalali, ila serikali inapaswa kuwatendea kwa haki na ina uhuru wa kiasi wa kuahirisha kudai. Kanuni hiyo ya mwisho ni ndogo, lakini inamruhusu aliyedanganywa aeleze kilichompata kabla ya kutozwa. Marekani haikuwa na kanuni inayolingana nayo katika mkataba wa mwaka 1996.

9.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha mstari unaoeleweka. Sheria ya mwaka 1937 ilianza na hukumu aliyoiomba mwenzi. Sheria ya mwaka 1952 ilianza na kalenda. Hukumu ya mwaka 1953 ilimwita mwanandoa kuwa shahidi. Sheria ya mwaka 1986 ilimhitaji kwa ajili ya saini, na ile ya mwaka 1996 kwa ajili ya mfuko wake. Katika kila hatua dola ilipata chombo kipya cha kulinda mipaka yake. Nafuu za mwaka 1990, 1994 na 2000 ziliokoa watu, na ziliwezekana kwa sababu kosa alilotendewa mwenzi lilitambuliwa kuwa kosa dhidi ya mtu. Udanganyifu usio na kipigo haukupata utambuzi huo.

Kutokana na hayo, msaada kwa waliodanganywa hauwezi kupatikana kwa kuongeza adhabu za uhamiaji. Adhabu huweza kumfukuza mdanganyifu, lakini kufukuzwa kwake hakumrudishii mwenzi akiba, miaka wala heshima yake, na kila makali yanayoongezwa humpa mnyanyasaji fimbo mpya. Yanayomfaa aliyedanganywa yako zaidi katika sheria za familia na za madai: kutanguliwa kwa ndoa bila kuzungushwa, ushauri wa kisheria anaoweza kuumudu, kupunguziwa wajibu wa udhamini pale mahakama inapothibitisha udanganyifu, na mahali pa kusimulia yaliyompata bila kusimulia huko kuwa ni kumfukuzisha mtu. Mambo hayo yanaweza kumfaa raia na mgeni kwa kipimo kimoja, kwa kuwa yanauliza swali moja: je, ridhaa hii ilitolewa kwa hiari?

Kwa watafiti wanaoandika kwa Kiswahili, suala hili lina umuhimu wa karibu. Wazungumzaji wa lugha hii wanaoishi Amerika ya Kaskazini wamo katika pande zote za mikataba iliyojadiliwa: wapo wanaoombewa na wapo wanaowaombea wenzi kutoka nyumbani. Kumbukumbu za mahakama zinawahifadhi kama waombaji, wadhamini au mashahidi. Utafiti utakaozisoma kumbukumbu hizo kwa kumtafuta mtu aliyeamini alichoahidiwa, badala ya kumtafuta mkosaji pekee, utaiongezea historia ya uhamiaji sehemu ambayo sheria zenyewe ziliiacha pembeni.